Kuku Aingia Uwanjani, Korea Inacheza

Ukitaka uani mzima uifuatilie bocha, mchezo wa Paralimpiki wa kupeleka mipira yako karibu na mpira mweupe kuliko ya mpinzani, kwenye simu ya inchi 6, usipokezane simu. Chora uwanja chini. Ndivyo ilivyofanyika hapa Pasua, Moshi, mwishoni mwa Agosti 2024, Korea Kusini walipokuwa Paris kwenye Paralimpiki: mmoja anashika simu na kutangaza, wawili wanaweka mipira mahali ilipo kule Paris, waliobaki wanakaa kwenye mabenchi na kubishana.

Korea aliichagua babu. Wenzetu hao wametwaa dhahabu ya bocha katika kila Paralimpiki tangu Seoul 1988, na babu hataki timu nyingine ya kumpandisha presha. Yanga inamtosha.

Uwanja wa bocha ni mita 12.5 kwa 6. Mita 2.5 za mwanzo ni vyumba sita vya wachezaji, kila kimoja upana wa mita 1. Sisi tulikuwa tunanakili tu, kwa hiyo vyumba tuliviacha, tukachora kwa chokaa zile mita 10 zilizobaki, halafu tukatandika kamba ya katani kila baada ya mita moja. Herufi A hadi F kwa upana, namba 1 hadi 10 kwa urefu. Mtangazaji hasemi "umeenda kule pembeni". Anasema "nyekundu, C saba, umegusana na mweupe," na aliye uwanjani anauweka hapo hapo. Kamba ikazwe hadi ilale kabisa. Ikiachwa juu kidogo tu, mpira unaiegemea, na babu anaanza kuuliza kama Paris nako wameweka kamba.

Mechi za BC3 ndizo zinazonakilika vizuri kuliko zote. Hao ndio wachezaji wanaotumia rampu, yaani mfereji ulioinama wa kuteremshia mpira, na kwenye mechi ya mmoja kwa mmoja kila upande una dakika 6 kwa raundi, muda wa kutosha hata kama mtandao unasuasua. Msaidizi wa mchezaji huupa uwanja mgongo wakati wote wa raundi, haruhusiwi kugeuka. Anasogeza rampu kwa maelekezo ya mchezaji tu. Mipira ni sita kwa kila upande, nyekundu na buluu, na mmoja mweupe wa kulengwa. Raundi nne, kisha hesabu.

Sasa hiyo mipira. Ya kiwandani ni ghali, na sheria inataka mzingo wa milimita 270, zaidi au pungufu 8, na uzito wa gramu 275, zaidi au pungufu 12. Fundi cherehani wetu alishona ya kwake kwa jinzi za mitumba kutoka soko la Memorial. Kwa ukubwa huo mchanga unakupa karibu nusu kilo, pumba hazifikishi hata robo. Mahindi makavu ukiyashindilia vizuri, ukijumlisha na kitambaa, yanakuja pale pale kwenye gramu 270 na kitu. Ukiuachia kwenye rampu ya bomba la plastiki la inchi 4 lililopasuliwa katikati, unateremka vizuri kabisa. Kwa ufundi wa kushona sina neno. Ila mahindi ni chakula, na hilo hakuna aliyelisema kwa sauti.

Mipira ile ile ndiyo anayofanyia mazoezi dada mmoja wa hapa uani, mwenye mtindio wa ubongo, anayecheza kwa rampu na kuzijua sheria kutuzidi wote. Siku ya mechi ya Korea yeye ndiye refa. Usiku wa kuamkia siku hiyo mipira ililala kwenye gunia stoo, na panya wa Pasua hawajawahi kulala.

Raundi ya pili ikaenda vizuri mpaka buluu ya nne. "D nane, nyuma ya mweupe!" akaita mtangazaji. Kijana akauchukua mpira, akaukimbiza mpaka D nane, akauweka. Nyuma yake, kuanzia kwenye benchi hadi D nane, mstari wa punje za mahindi.

Kuku wa mama wa nyumba ya tatu akaingia kwa B moja. Hakukimbia. Alifuata mstari punje kwa punje, akaruka kamba kwa adabu, akafika D nane, akaanza kuudonoa mpira wenyewe. Kila akidonoa, mpira unasogea kidogo. Babu akahesabu: "Umesogea! Sasa buluu iko karibu zaidi ya nyekundu!" Akafukuzwa kuku, naye katika kuruka akaupiga teke ule mweupe, ukaishia E tisa. Wakati huo huo simu ikaganda, mchezaji wa Korea ameinamia rampu yake, kimya, dakika nzima.

"Mangi, hilo ni goli halali," babu akasema.

"Babu, bocha haina goli," dada akamjibu. "Na kuku hana rangi, si mchezaji. Mipira ikivurugwa nje ya zamu, refa anairudisha ilipokuwa. Asipokuwa na uhakika, raundi inarudiwa."

"Na wewe una uhakika?"

"Sina. Lakini msaidizi wa rampu peke yake ndiye asiyeruhusiwa kuona. Ninyi wengine mlikuwa mnaangalia nini?"

Walikuwa wanamwangalia kuku. Kila mmoja akarudisha mweupe mahali pake, na mahali penyewe pakawa patatu. Kurudia raundi nayo ilikuwa taabu, maana Paris hawakuwa na habari kwamba inarudiwa. Bando liliporudi, kule raundi ya tatu ilishaanza, na ubao wa matokeo ukaonyesha kwamba mgogoro wetu wote ulikuwa wa pointi moja, tena ya nyekundu.

Mpira ukapelekwa dukani kupimwa: gramu 190. Mama mwenye kuku akaja analalamika kwamba kuku wake amefukuzwa kwa fimbo na sasa hatataga. Fundi naye anadai mahindi yake yaliyoliwa. Wakaafikiana mama ajaze mpira, fundi aushone. Ulipopimwa tena ukasoma gramu 301. Mama alikuwa ametia kokoto mbili ndani, "ili akidonoa tena ajue."

Mpira huo ukiviringika unapinda kushoto kila mara. Refa ameukataa kwa mechi, lakini hajautupa. Babu akija asubuhi kujifunza rampu, huwa anapewa buluu.