Kilemba cha Maalim

Tulimzika Maalim makaburini Kikowani, Mombasa, siku ya Jumanne, baada ya alasiri. Mvua ya masika ilikuwa imekatika saa moja tu kabla, udongo unashika viatu, na waliobeba jeneza walikuwa wakipokezana haraka haraka kama ilivyo desturi. Kabla magharibi haijaingia simu yangu ilikuwa imejaa. Gwiji ametutoka. Hazina imezikwa. Pwani imepoteza mlezi. Nilizisoma zote, nyingine zimeandikwa na watu tuliokaa nao mkeka mmoja chumbani kwake, na nikashikwa na hasira ambayo sikuielewa mpaka usiku.

Usiku ndipo nilipoielewa. Katika sote tulioandika, mimi nikiwemo, sikumjua hata mmoja aliyewahi kumlipa Maalim kwa alichotufunza: kupiga udi, ile ala ya nyuzi ya tarabu.

Wazee wetu walikuwa na neno la jambo hili. Mwanafunzi aliyewekwa kwa fundi, ajifunze ushoni, useremala au elimu ya chuoni, siku ya kuhitimu alitoa kilemba. Kilikuwa kitambaa, kilikuwa pesa, kilikuwa chochote ambacho nyumba yao iliweza, lakini kilitolewa, na kilitolewa mbele za watu, ili mji ujue kwamba fulani amefunzwa na fulani. Kilemba kingine tunachokijua ni kile cha ukoka, cha nyasi, anachovikwa mtu kwa maneno matamu yasiyo na kitu ndani. Nilipozisoma zile jumbe mara ya pili niliona tumemvika Maalim ukoka.

Jina lake silitaji leo. Nyumbani kwake kuna eda, na familia wameniomba nisubiri. Watu wa Kibokoni, hapa Mji wa Kale, wanamjua, na waliopita ile njia jioni wanaujua mlango: nyumba ya ghorofa mbili, ngazi mara uingiapo, na chini ya ngazi chumba ambacho kingetosha kuwekwa magunia ya mchele. Mkeka, feni ya ukutani, redio isiyofanya kazi iliyowekwa juu yake redio inayofanya kazi. Udi ukining'inia kwenye msumari, umevishwa foronya ya waridi. Alhamisi mkewe alifukiza udi ule mwingine, wa kunukia, na moshi ukateremka ngazi ukatukuta pale chini.

Nilipelekwa nikiwa na miaka kumi na miwili, na kwa miezi mitatu sikuruhusiwa kugusa kitu. Kazi yangu ilikuwa kukaa. Ikifika alasiri alinyanyua kidole, sote tukanyamaza, na muadhini wa msikiti wa jirani akaanza. Adhana ikimalizika na swala ikishaswaliwa, Maalim alirudi mkekani akauliza, "Mumesikia wapi alipotua?" Hatukuwa tumesikia. Kesho yake akauliza tena.

Alichokuwa akitutafutia ni sauti moja. Udi hauna vikato shingoni kama gitaa. Kidole chako ndicho kinachoamua sauti ianzie wapi. Kwenye maqamu ya Bayati, mmoja wa mipangilio ya sauti za muziki wa Kiarabu, sauti ya pili imeshushwa, lakini haikushushwa yote. Imesimama baina ya mbili. Kinanda cha kawaida hakina kibonyezo chake. Ukibonyeza hiki umepita, ukibonyeza kile hujafika. Maalim alituambia, "Sauti hini haikai nyumba hii wala ile, wanangu. Yakaa kichochoroni." Sisi watoto wa Mji wa Kale, ambao ukinyosha mikono miwili unagusa kuta za nyumba mbili za majirani, tulielewa papo hapo. Mpaka leo nikiitafuta ile sauti, kidole changu huona kuta.

Ukitazama mkono alikupigia kelele. "Mato yatoe hapo. Udi hautizamwi, wasikizwa." Mimi nilitazama, mara nyingi, kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa na jambo ambalo sijaliona kwa mwingine. Risha, kile kijiti cha kupigia nyuzi, zamani ilikuwa ubawa wa ndege mkubwa, na neno lenyewe kwa Kiarabu ni unyoya. Maalim alizichonga zake kutoka kwenye madumu ya mafuta ya kula. Alichagua dumu la manjano, lile gumu, akakata ubavuni kipande chembamba cha urefu wa shubiri kwa wembe, kisha akakisugua ncha kwenye jiwe la kizingiti mpaka iwe laini kama ukucha wa mtoto mchanga. Akakijaribu shavuni. Kikikwaruza, hurudi jiweni. Kipande kimoja kilimchukua jioni nzima, na akimaliza alimpa yeyote aliyekuwa karibu. Ninazo saba. Mwengine najua anazo kumi na tano.

Na chaki. Vigingi vya udi ni vya mti, na mti na hewa ya Mombasa haviaminiani. Kusi ikiingia na mvua zake vigingi huvimba vikakataa kuzunguka. Kaskazi ikikausha huteleza, udi ukalegea wenyewe usiku ukutani. Alikuwa na kipande cha chaki nyeupe ya shule ndani ya kopo la maziwa ya unga. Alipaka kigingi, akazungusha, akasikiza, akapaka tena. Nyuzi kumi na moja, jozi tano na ule mmoja mnene unaosimama peke yake. Ilikuwa nusu saa kabla hajapiga hata wimbo, na nusu saa ile ndiyo iliyotufunza subira wengi wetu ambao hatukuwa nayo.

Tarabu ya Mombasa imezungumzwa sana kwa majina ya waimbaji, na ni haki yao. Juma Bhalo alipofariki mwaka 2014 mji ulisimama. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyeishi na kupiga udi wake hapa kwetu, alipofuata mwaka 2016, tulisema tena maneno yale yale: hazina, kisima, gwiji. Hao angalau sauti zao zimebaki kwenye kanda, na majina yao yameandikwa juu. Nyuma ya mwimbaji kuna mpiga udi wa pili, mpiga dumbaki, mpiga tashkota (kile chombo chenye asili ya Japani chenye vibonyezo kama vya taipureta, ambacho tarabu ya Mombasa imekifanya chake kabisa), na nyuma ya hao yuko mtu aliyewafunza. Maalim alipiga kwenye kanda zisizopungua nne ambazo mimi mwenyewe nimezishika mkononi. Jalada lina jina la mwimbaji na picha ya maua. Ukizisikiliza utamjua kwa pale anapochelewa kidogo kutua, lakini hilo ni la sisi tuliofunzwa naye. Mgeni atasikia udi tu.

Najua kuna wasemao muziki wenyewe una maneno katika dini, na Maalim alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Hakubishana na mtu. Adhana ikilia udi ulikuwa umeshawekwa chini. Mwezi wa Ramadhani udi uliingia kwenye foronya siku ya kwanza ukatoka baada ya Idi. Kwenye hitima yake hakuna aliyetaja udi, na hapo sina ugomvi. Mtu huombewa dua kwa alivyo mbele ya Mola wake. Ugomvi wangu ni wa miaka arobaini iliyotangulia hitima, na ni ugomvi na sisi tuliopenda alichokijua.

Hoteli moja ya ufuoni ilimtaka apige saa mbili kila Ijumaa usiku, avae kanzu na kizibau, akae pembeni ya meza ya vyakula. Malipo yalikuwa nauli na sahani ya chakula, na nauli yenyewe ilikuja baada ya wiki tatu. Shule moja ilimwita awanoe watoto kwa tamasha la muziki la taifa, tamasha ambalo Kenya imekuwa nalo tangu 1927 na ambalo limewatoa wengi. Alikwenda kila alasiri kwa majuma mawili. Watoto wakashinda, wakasonga mbele, mwalimu aliyesimama nao jukwaani akapigwa picha. Maalim alipewa soda. Aliieleza habari ile kwa furaha, kwa sababu kuna mtoto wa kike aliyeipata ile sauti ya kichochoroni bila kuoneshwa mara ya pili, na hilo ndilo alilolibeba kurudi nyumbani. Mimi nilibeba ile soda, na bado ninayo rohoni.

Na mimi je? Nilipoanza kazi bandarini nilimwahidi seti ya nyuzi mpya. Binamu yangu yuko Dubai. Ilikuwa jambo la ujumbe mmoja. Ilinichukua miezi tisa kuutuma ule ujumbe. Ndani ya miezi hiyo Maalim alikuwa akifunga fundo nyuzi zilizokatika, na fundo likikaa karibu na kigingi halisikiki, lakini likikaa katikati lazima ulikwepe kwa kidole. Akawa anafunza huku akikwepa. Hakuniuliza nyuzi zimefika wapi. Nilipozileta alizishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto.

Watu husema elimu haiuzwi, na kwa maneno hayo hayo tukaona ni heshima kutomlipa. Lakini nyuzi huuzwa. Kodi ya nyumba ilidaiwa kila mwezi. Insulini aliinunua, akaihifadhi kwenye friji ya jirani kwa sababu yake ilikuwa imekufa, na kila asubuhi akapanda ngazi mbili kwenda kujidunga kwa watu. Fundi wa bomba akija nyumbani kwako kwa nusu saa unamlipa kabla hajafunga mkoba wake. Aliyempa mwanao kitu cha kukaa nacho maisha yake yote unampa "Mungu akubariki, Maalim", ukatoka.

Wenzetu Zanzibar walianzisha Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi mwaka 2002, pale Mji Mkongwe, na wale wazee wa udi, kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi) na fidla waliingizwa darasani kama walimu, wana ratiba na wanafunzi walioandikishwa. Sisemi kila kitu kwao ni asali. Nasema mtoto wa Unguja anayetaka udi anajua mlango wa kubisha, na mzee anayeujua udi anajua kwamba kazi yake ina jina. Sisi tulikuwa na chumba chini ya ngazi, na uhai wake ulikuwa uhai wa mtu mmoja.

Mara ya mwisho kukaa naye alikuwa kitandani. Sukari ilikuwa imempotezea hisia kwenye ncha za vidole. Aliniambia akishika uzi ni kama ameshika kupitia shuka. Akanitaka nipige mimi. Nikapiga Bayati, polepole, na yeye amefumba macho, mkono wake wa kushoto juu ya godoro ukisogea kama ulioshika shingo ya udi.

"Shusha."

Nikashusha.

"Kidogo tu. Sikwambia ushuke ngazi." Nikarudisha, unene wa unywele. Akanyamaza muda. "Hapo. Iwate papo hapo."

Nina simu yenye kamera tatu. Ilikuwa mfukoni. Haikunijia kabisa kuitoa na kuirekodi ile sauti yake ikinielekeza, kwa sababu nilidhani kuna Alhamisi nyingine. Wewe unayesoma, kama kuna mtu kama huyu mtaani kwenu, wa udi, wa zumari, wa kutengeneza ngoma, nenda wiki hii. Mrekodi, ukimaliza mlipe, na uandike jina lake juu ya ulichokirekodi.

Aliacha wanafunzi wawili ambao hawajamaliza: mvulana wa miaka kumi na mitatu na yule msichana wa tamasha, ambaye alikuwa akija na mama yake. Wiki ya pili baada ya maziko mama huyo alinipigia simu. Mwanawe halali vizuri, anataka kuendelea, je, kuna mahali? Nikamwambia waje sebuleni kwangu Jumamosi baada ya alasiri. Walikuja wote watatu. Nilimkalisha yule mvulana mkekani, nikampa chaki, nikamwacha ahangaike na vigingi. Msichana alikuwa tayari ana risha yake, ya dumu la manjano.

Walipotaka kuondoka mama aliniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza jambo la aibu, "Na Maalim tulikuwa hatumpi kitu. Wewe tukupe nini?"

Nikahisi ulimi umekuwa mzito. Kila kitu nilicholelewa nacho kilikuwa kinaniambia niseme hakuna neno, dada, ni watoto wetu. Nikamwambia shilingi mia tatu kwa kipindi, kwa kila mtoto, na kwamba mpaka eda iishe pesa hizo zinakwenda nyumbani kwa Maalim. Mke wangu ndiye atakayezipeleka, kwa kuwa mimi siwezi kuingia kwa mjane.

Hakuomba nipunguze. Akafungua pochi, akahesabu mia tatu, akasita, akahesabu tena, akaweka mezani shilingi elfu mbili na mia nne.

"Hizi ni za mwezi mzima," akasema. "Watoto wote wawili. Mamake huyu kijana nitazungumza naye mimi."