Msimsafirishe mgonjwa wa kidole tumbo kufuata matundu

Mwaka jana mdogo wangu alishikwa na tumbo usiku. Maumivu yalianzia kitovuni, kufika alfajiri yamehamia chini kulia, anatapika, mguu hataki kuunyoosha. Hospitali ya wilaya wakasema ni kidole tumbo, apasuliwe leo hii. Simu zikaanza kulia. Mjomba akashikilia kwamba asikatwe kizamani, aletwe mjini afanyiwe upasuaji wa matundu, yaani wa kutoboa tumbo matundu madogo na kutumia kamera, kama niliofanyiwa mimi. Mwendo wa saa saba kwa gari! Nami nilimuunga mkono mjomba. Mama alitusikiliza wote, kisha akatia saini fomu palepale wilayani.

Mama alikuwa sahihi, nami nimeona niliandike hili kwa sababu najua familia nyingine zitapigiwa simu kama zile.

Matundu siyadharau. Nilitobolewa matatu, moja kitovuni, tumbo likajazwa gesi ili kamera ione vizuri. Bega liliniuma siku mbili kwa ajili ya gesi hiyo, lakini kesho yake nilitembea. Tafiti nyingi zinaonyesha maumivu hupungua, vidonda huoza mara chache, na mtu hurudi kazini mapema. Kwa mwanamke kuna faida kubwa zaidi: kamera inaweza kuonyesha kwamba tatizo ni ovari au mirija, kidole tumbo hakina kosa. Kama huduma ipo hapo ulipo na daktari ameizoea, ichukue.

Lakini tusiuite upasuaji wa wazi, ule wa kupasua tumbo kwa kisu, ukatili. Daktari mpasuaji Charles McBurney wa New York alieleza mwaka 1894 jinsi ya kupenya kwa kutenganisha misuli kufuata nyuzi zake badala ya kuikata, na njia hiyo inatumika hadi leo. Inawezekana kwa ganzi ya mgongoni. Matundu kwa kawaida yanataka nusu kaputi, kamera, gesi, umeme usiokatika na mtu aliyefunzwa. Tena kidole tumbo kikishapasuka, baadhi ya tafiti zimekuta usaha ukibaki tumboni mara nyingi zaidi kwa waliofanyiwa matundu. Inashangaza jinsi mambo yanavyogeuka: daktari Kurt Semm alipotoa kidole tumbo kwa matundu kule Kiel, Ujerumani, mwaka 1980, wapasuaji wenzake walimshambulia vikali. Leo sisi ndio tunaomkimbia daktari mwenye kisu.

Mdogo wangu alilazwa siku nne, na wiki mbili alitembea ameinama. Kovu lake ni refu kuliko yangu yote matatu yakiunganishwa. Ila daktari alimwonyesha mama kile kidole tumbo kwenye bakuli: kimevimba, ncha imeshakuwa nyeusi. Kingepasukia barabarani.

Mjomba alifika kesho yake jioni, akamkuta ameketi kitandani anakunywa uji.