Mtandaoni Nako Anahitajika Mkutubi

Ukitaka kujua kama maktaba inawajali wasomaji wake wa mtandaoni, fungua katalogi yake utafute kitabu huku umekosea herufi moja ya jina la mwandishi. Kwenye maktaba nyingi utaletewa maneno mawili tu: "Hakuna matokeo." Hupewi jina linalofanana na uliloandika, huoni kitufe cha kuuliza, wala hakuna dalili kwamba upande wa pili yuko mtu ambaye kazi yake ni kukusaidia. Msomaji huyohuyo angekosea jina akiwa amesimama kaunta, mkutubi angemhoji kidogo, angekisia alichokusudia, na muda si mrefu wangekuwa wote wawili mbele ya rafu.

Pengo hilo ndilo linalonifanya niandike. Mjadala wa zana shirikishi katika maktaba, yaani zana za mtandaoni zinazomwezesha msomaji kuzungumza na maktaba, huanza na majina ya teknolojia: tufungue blogu, tuingie kwenye mitandao ya kijamii, tuweke roboti la kujibu maswali. Mwaka 2005 mkutubi Mmarekani Michael Casey alianzisha jina "Library 2.0", na wazo lake lilikuwa pana kuliko vifaa: huduma iwe inabadilika kila mara kwa kuwasikiliza wanaoitumia, na iwafikie hata wale ambao hawajawahi kuingia mlangoni. Jina lile limeshachakaa, lakini wazo lenyewe bado halijatekelezwa ipasavyo. Maktaba nyingi zilichukua vifaa zikaacha kusikiliza.

Chukua gumzo la mtandaoni, huduma ya kumwuliza mkutubi kwa kuandikiana papo kwa papo. Mimi naiona kuwa zana muhimu kuliko zote, na ndiyo inayowekwa vibaya kuliko zote. Utaikuta imefichwa chini ya ukurasa wa mawasiliano, ambako msomaji hafiki mpaka awe tayari amekasirika. Mahali pake ni pale swali linapozaliwa: kwenye ukurasa wa utafutaji uliorudi mtupu, kando ya makala inayogoma kufunguka, na kwenye fomu ya kuhifadhi kitabu.

Na anayejibu awe mkutubi kwelikweli, kwa sababu msomaji mara nyingi haulizi anachokitaka. Ataandika, "Mna kitabu cha kemia?" Ukimpa orodha ya vitabu vyote vya kemia, umemtupa. Mkutubi mzoefu humwuliza, "Ni kwa ajili ya masomo, au kuna jambo unataka kulijua?" Jibu linakuja: mtoto wake ana jaribio la sayansi shuleni, anataka kuelewa kwa nini maji ya kabichi nyekundu hubadilika rangi yakitiwa ndimu. Sasa kuna swali la kushika. Anahitaji kitabu cha watoto chenye majaribio ya asidi na besi, chenye picha, na ikiwezekana akipate leo. Mahojiano hayo mafupi ni ufundi ambao wakutubi wamekuwa nao tangu enzi za kadi za katalogi, nao unahamia kwenye gumzo bila shida yoyote iwapo aliyeko upande wa pili ameufundishwa na amepewa muda.

Maktaba isiyo na watu wa kutosha iandike wazi saa za gumzo, na nje ya saa hizo iweke fomu fupi yenye ahadi ya jibu siku ya kazi inayofuata. Roboti nalo lina nafasi yake: lieleze saa za kufungua na namna ya kuongeza muda wa kuazima, lijitambulishe kuwa ni roboti, na likikwama limkabidhi msomaji kwa mtu. Linalomzungusha mtu kwenye majibu yaleyale ni afadhali liondolewe.

Upande mwingine wa mazungumzo haya ndio unaonisisimua zaidi, nao ni ule ambapo msomaji ndiye anayejua na maktaba ndiyo inayojifunza. Januari 2008 Maktaba ya Kongresi ya Marekani iliweka kwenye mtandao wa Flickr picha za kale zipatazo 3,000 na kuwaomba watu waziwekee lebo na maelezo. Karibu nusu yake zilikuwa picha za habari za mwanzoni mwa karne ya 20, zenye maelezo machache mno, pengine jina la ukoo tu lililoandikwa kwa mkono kwenye negativu. Watu wakaanza kutambua majengo, wanariadha, meli, wengine wakaleta habari za magazeti ya wakati ule kuthibitisha tarehe. Wakutubi walifuatilia, wakahakiki, na kabla ya mwaka kwisha rekodi zaidi ya 500 za katalogi ya maktaba zilikuwa zimeboreshwa kwa taarifa zilizotoka kwa umma. Hicho kipengele cha mwisho ndicho cha kutazama. Maoni ya watu yalivuka kutoka kwenye mtandao wa picha yakaingia ndani ya rekodi rasmi, na hayangevuka kama kusingekuwa na wafanyakazi waliopangiwa kuyasoma.

Mwaka huohuo Maktaba ya Taifa ya Australia ilifungua kwa umma magazeti yake ya zamani yaliyopigwa skani, ambayo leo yanapatikana kupitia huduma yake ya Trove. Kompyuta ikisoma gazeti lililofifia hukosea ovyo: "r" na "n" zilizokaribiana inazisoma kuwa "m", jina la mtu linageuka fujo ya herufi, na mjukuu anayelitafuta hatalipata kamwe. Ukurasa ukapangwa hivi: upande mmoja picha ya gazeti, upande mwingine maandishi jinsi kompyuta ilivyoyasoma, na msomaji anaweza kuyasahihisha mstari kwa mstari na kuhifadhi. Hasubiri kibali cha mtu. Toleo la awali linabaki kwenye kumbukumbu, hivyo anayeharibu anaweza kurekebishwa. Maktaba iliwaamini wasomaji wake, nao wamesahihisha mamilioni kwa mamilioni ya mistari, wengi wakiwa ni watu wanaotafuta historia za koo zao.

Najua hofu iliyopo: watu wataandika matusi, watapotosha, watafanya mzaha. Wachache watafanya hivyo. Lakini dawa yake ni kuhifadhi historia ya mabadiliko na kuwa na mtu wa kupitia yanayoandikwa. Kuufunga mlango kwa sababu ya wachache hao kunawanyima nafasi watu wenye ujuzi ambao maktaba haina fedha ya kuwaajiri.

Kuhusu gharama, siyakubali maelezo kwamba zana hizi ni za maktaba tajiri pekee. Koha, mfumo wa maktaba wa programu huria (ambayo yeyote anaweza kuitumia bila kulipia leseni) uliobuniwa New Zealand mwaka 1999, unamruhusu msomaji kuandika maoni juu ya kitabu, kukiwekea lebo, kutunga orodha zake na kupendekeza kitabu cha kununuliwa. Vyote vimo ndani yake tayari. Zipo maktaba zinazotumia mfumo wenye uwezo huu na hazijawahi kuuwasha, au ziliuwasha zikaacha mapendekezo yarundikane bila mtu wa kuyasoma.

Basi kazi ianzie kwa wafanyakazi. Mwaka 2006 Helene Blowers, katika maktaba ya umma ya Charlotte na Mecklenburg huko North Carolina, Marekani, alitunga programu ya mafunzo yenye mambo 23 madogo ambayo mfanyakazi aliyajaribu mwenyewe kwa kasi yake: kufungua blogu, kupakia picha, kuhariri "wiki", yaani tovuti ambayo wasomaji wenyewe wanaweza kuihariri. Waliomaliza walizawadiwa kifaa cha kusikilizia muziki, na maktaba nyingi duniani zikaiga. Naipenda kwa sababu ilimheshimu mfanyakazi. Mtu aliyewahi kuandika maoni yake hadharani akasubiri kujibiwa anajua msomaji anajisikiaje.

Faragha nayo isiguswe. Historia ya vitabu alivyoazima mtu ni siri yake, na kipengele chochote cha kupendekeza kwa kutazama historia hiyo kiwashwe na msomaji mwenyewe. Na kila kitu kijaribiwe kwenye simu ya bei ndogo yenye intaneti ya kusuasua, na kwa programu ya kusomea skrini wanayotumia wasioona, kabla hakijatangazwa.

Maktaba ingeniuliza ianze na lipi wiki hii, ningesema fomu ya kupendekeza kitabu. Iwekwe kwenye ukurasa ule unaosema "Hakuna matokeo", ikiwa imejazwa tayari kile alichokitafuta msomaji, abofye mara moja tu. Kisha apewe jibu lenye jina la mkutubi aliyelishughulikia pendekezo: kitabu kimeagizwa na kikifika utawekewa wewe kwanza, au hatutaweza kukinunua kwa sababu hii, ila maktaba jirani wanacho na tunaweza kukuazimia.