Kibao changu cha Mwisho wa Reli, na ukuta mwekundu wa dada

Mwaka 2022 nilifungua saluni ya kiume kwenye mji mmoja wa katikati ya Uingereza, jina la mji nitaliacha. Saluni nikaiita Mwisho wa Reli. Mtu wa Kigoma, kwetu, mji ambao reli inaishia, akilisoma anacheka peke yake, Mwingereza anadhani ni jina la ukoo wangu. Nikatengenezewa kibao chenye taa ndani, herufi za bluu zinazowaka, tukakifunga Jumamosi usiku mimi na shemeji. Kilipendeza jamani. Kilikaa siku 19.

Barua iliyokuja haikuwa ya kufoka. Ilisema mtaa ule umetengwa kwa ajili ya kuhifadhi majengo ya zamani, na kibao cha kuwaka hakiwekwi pale bila kibali. Nikiondoe, au niombe. Anayekaidi akipelekwa mahakamani faini inafika pauni 2,500, na akiendelea kukaidi inaongezeka hadi pauni 250 kwa kila siku kibao kinapobaki ukutani. Nilikiteremsha siku ileile, kuna mteja nilimwacha na nusu ya kichwa.

Hasira zilipopoa nikaketi kuzisoma kanuni zenyewe, za mwaka 2007, ziko bure kwenye intaneti. Kumbe kibao kisicho na taa, chenye jina la biashara juu ya mlango wake, kwa kawaida hakiombewi ruhusa kabisa. Herufi zisizidi sentimita 75 kwa kimo, kibao kisipite mita 4.6 kutoka chini, wala kisivuke usawa wa chini wa dirisha la ghorofa ya kwanza. Basi. Unayetaka makubwa ndiyo unapeleka michoro na vipimo, unalipa ada (wakati ule pauni 132), unasubiri jibu kama wiki nane. Na anayekuamulia anaruhusiwa kutazama mambo mawili tu: kibao kitaharibu sura ya mtaa? Kitahatarisha watu? Ulichokiandika hakimhusu. Hakuna aliyeniuliza Mwisho wa Reli maana yake nini. Niliomba taa ndogo ya kumulika kwa nje, nikapewa, miaka mitano.

Sasa twende Mwanga, kulekule Kigoma mjini. Dada yangu ana duka la vyakula, hatua chache kutoka sokoni. Ukuta mzima wa mbele ni mwekundu, tangazo la soda kutoka juu mpaka chini, na jina la duka lake limebanwa pembeni kwa herufi za kwenye daftari. Vijana wa matangazo walikuja na ndoo zao wakapaka bure, naye akashukuru, maana lipu ilikuwa imeanza kumenyeka. Mwaka jana akatokea mtu na mashine ya risiti. Hakuwa na futi. Alisimama ng'ambo ya barabara, akaupima ukuta kwa macho, akataja hela.

“Mwanangu, soda siyo yangu hii, mimi naiuza tu.”

“Mama, bango liko kwako.”

Usiku akanipigia. “Mdogo wangu, wewe uliyeko kwa wenye akili, mtu anadaiwa rangi aliyopakwa?” Sikuwa na jibu. Nikamuuliza yule mtu katoka ofisi gani, naye hajui, alichokiona ni kitambulisho kinaning'inia shingoni.

Na wala simshangai. Ada ya mabango zamani ilikuwa ya halmashauri, mwaka 2017 ikapelekwa TRA, mamlaka ya mapato, baadaye ikarudishwa upande wa TAMISEMI, wanaosimamia halmashauri. Mwenye duka aliyezaliwa na kukulia Mwanga atafuatilia saa ngapi? Halafu kuna barabara. Sheria ya mwaka 2007 inaipa barabara kuu na ya mkoa hifadhi ya mita 30 kila upande, ukihesabu kutoka katikati. Baba yangu mdogo, kule Gungu, alikilipia kibao chake cha gereji na risiti anayo mpaka leo ndani ya mfuko wa nailoni. Haikukizuia kuchorwa X nyekundu, ile ya kubomolewa. Aliyepokea hela hakumwambia habari ya mita 30, na aliyechora X hakuulizia risiti.

Ndugu zangu wa nyumbani wakinisikia wanasema wazungu wameendelea kwa sababu ni wakali. Mimi nakataa. Kwa mwenye kibanda, sheria ya Uingereza ni laini kuliko ya kwetu: jina lako weka, hatukudai kitu, vipimo ndivyo hivi. Ukali wameuweka mbele, kwa anayevuka kipimo kilichoandikwa. Kwetu kipimo kiko machoni mwa anayekuja kudai.

Ila sitaki mkachukua mpaka sura ya mitaa yao. Mtaa wangu huku ni msafi mpaka unasinzia. São Paulo, Brazil, waliamua mwaka 2006 kung'oa mabango ya matangazo yote mji mzima, watu wanasifia, mimi naona ningekosa pumzi. Kuna fundi wa mabango Ujiji nilikuwa namtazama nikitoka shule. Anapaka uzi chaki, anauvuta ukutani, anauachia, tap, mstari umenyooka. Halafu anaanza na herufi kubwa kwa mbwembwe, akifika mwisho ukuta umekwisha. MAZIWA MTIN, na DI imepandishwa juu kama kifaranga mgongoni kwa mama yake. Vichwa vya saluni alivichora na masikio yasiyolingana, na hakuna aliyepotea njia kwa ajili hiyo. Kanuni itakayomfuta yule mzee, bora isije.

Ninachotaka ni karatasi moja tu, imebandikwa mlangoni kwa mtendaji wa kata. Jina la duka lako mwenyewe, mpaka ukubwa huu, hulipi. Zaidi ya hapo, kwa mita ya mraba ni hivi. Chapa ya kampuni ikiwa kwenye ukuta wako, inalipa kampuni. Kibao kisimame umbali huu kutoka barabarani. Chini kuwe na ofisi moja inayopokea, moja tu. Sheria ndogo zipo, najua, lakini iliyofungiwa kabatini dada yangu ataitii vipi?

Mwezi Desemba nakuja. Nimemuuliza nimletee nini, nikidhani atasema simu. Anataka futi, ile ndefu ya chuma, ili siku yule kijana akirudi waupime ukuta pamoja, jina lake upande wake na soda upande wake. Nimeshanunua, ya mita nane.