Mstari mmoja tu, ya nini kufumua faili zima?

Vijana wengi wanaohudumia kompyuta za ofisi hapa Mbeya wana tabia moja ambayo naomba tuiache. Fundi akitumwa kurekebisha mstari mmoja kwenye faili la .gz, yaani lililobanwa kwa programu ya gzip ili lichukue nafasi ndogo, analifumua kwanza, analirekebisha, analibana upya, kisha anaondoka na kuliacha lile lililo wazi pale pale. Nimekuta folda ya chama cha wakulima wa kahawa imejaa nakala juu ya nakala za orodha ileile, majina na namba za simu za watu zikiwa nje nje, na hakuna anayejua ipi ndiyo ya kweli. Hiyo ni siri ya mkulima aliyewaamini.

Mzunguko wote huo hauna haja. Tumia Vim, kihariri cha maandishi. Kwenye dirisha la amri andika vim wakulima.csv.gz: maandishi yanatokea yakisomeka, unabadili namba ya simu, unaandika :wq (hifadhi na utoke), basi. Vim yenyewe inaiita gzip ifumue, na ukihifadhi inaiita tena ibane. Emacs, kihariri kingine, nayo inaweza. Vim ni ya bure. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa mwaka 1991 na kufariki 2023, aliwaomba tu watumiaji wawachangie watoto wa Kibaale, hapo jirani Uganda.

Lakini kihariri kisichojua kufumua kitakuonyesha alama zisizosomeka. Usiguse kitu hapo! Mwishoni mwa faili la gzip kuna namba ya ukaguzi iliyokokotolewa kutokana na maandishi ya awali, na hesabu isipolingana gzip inagoma. Tena maneno yanayojirudia hayaandikwi upya, yanarejelea yaliyotangulia, kwa hiyo alama moja uliyoichezea inaweza kuvuruga mistari mingi inayofuata.

Halafu kuna umeme. Vim inapohifadhi, inaandika kwanza maandishi yaliyo wazi, ndipo inayabana. Umeme ukikatika katikati ya hatua hizo, unaweza kukuta jina linaishia .gz ilhali ndani hamjabanwa kitu, na gzip italikataa. Usilitupe: liondolee hiyo .gz kwenye jina, lifungue, uone kama maandishi yako yote yamo. Kwa faili la maana, tunza nakala moja iliyobanwa kabla hujaanza, uifute ukishajiridhisha.

Kuna mafaili ambayo mimi nakataa kabisa yahaririwe: kumbukumbu za zamani za seva, zile ambazo logrotate, programu inayozipanga kumbukumbu hizo, huzibana ndani ya folda ya /var/log. Huo ni ushahidi. Mtu akiniambia amefuta mistari ili kupunguza uchafu, naanza kujiuliza anaficha nini. Za namna hiyo zisome kwa amri ya zless, au tafuta unachotaka kwa amri ya zgrep. Kwenye Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, zgrep "Failed password" /var/log/auth.log.*.gz itakuonyesha waliojaribu kuingia kutoka mbali kwa SSH wakakosea nywila, na hutakuwa umegusa hata herufi moja.