Mkaazi wa Kudumu wa Marekani Aliyepitisha Mwaka Dar

Wapo Watanzania wenye kadi ya kijani ya Marekani, yaani kitambulisho cha ukaazi wa kudumu, waliorejea Dar es Salaam kumuuguza mzazi au kushughulikia mirathi, wakidhani ni suala la miezi mitatu, na sasa wamepitisha mwaka. Kisheria, aliyekaa nje mwaka mmoja au zaidi bila kibali maalumu cha kurejea hawezi tena kuitumia kadi hiyo kuingilia Marekani. Kibali chenyewe, ambacho kwa kawaida hudumu miaka 2, huombwa mtu akiwa bado Marekani. Anayekikumbuka akiwa Mbagala amekwisha kuchelewa.

Wanaoyatetea masharti haya wana hoja. Ukaazi hupewa anayekaa, na ndiyo maana hata mbinu maarufu ya kuingia mara moja kwa mwaka, kulala wiki mbili na kugeuza, haimhakikishii mtu usalama: ofisa wa uhamiaji huangalia kazi yake iko wapi, familia iko wapi, na kama amewasilisha ritani za kodi kama mkaazi. Kanada hudai siku 730 katika kila miaka 5, na binafsi naona heri hesabu ya namna hiyo kuliko kupimwa nia.

Hata hivyo, mgonjwa hapangi siku ya kupona. Sheria inalitambua hilo kupitia viza ya mkaazi anayerejea, ambayo mwombaji huipata akithibitisha kwamba aliondoka akikusudia kurudi na kwamba amecheleweshwa na mambo yaliyo nje ya uwezo wake. Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama, kwa sababu barua ya daktari wa Muhimbili haitaji matibabu yalianza lini, tiketi ya kurudi iliachwa ikafa bila kuahirishwa, na kikao cha ukoo kilichomkabidhi mtu kazi ya kumuuguza mama hakikuandikiwa muhtasari.

Wengine husema dawa ni kuchukua uraia. Ushauri huo ni mwepesi kwa asiye Mtanzania. Chini ya Sheria ya Uraia ya 1995, mtu mzima anayejipatia uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake huupoteza wa Tanzania.

Atakayesafiri bila viza ya mkaazi anayerejea, kama shirika la ndege litakubali kumpakia, ajue kwamba halazimiki kutia saini fomu I-407 ya kuusalimisha ukaazi anapofika uwanjani. Ana haki ya kusikilizwa na jaji wa uhamiaji, na mbele ya jaji huyo ni serikali inayopaswa kuthibitisha kwamba ukaazi ulitelekezwa.