Siri Ikishauzwa Ni ya Nani? Karata za Mazingaombwe na Haki ya Waliozibuni

Pakiti ya karata iliyo mezani kwangu ukiitazama haina neno. Nikiipeperusha kwa dole gumba unaona ree, saba ya shupaza, tisa ya uru, kila karata na sura yake. Nakuambia chomeka kidole popote upendapo. Unachomeka, unachomoa karata: nane ya kopa. Unairudisha, nakata pakiti, nagonga juu mara moja, nafunua. Nane ya kopa. Kisha naipeperusha tena mbele ya macho yako, na safari hii kila sura inayopita ni nane ya kopa.

Siri yake ni ndogo kiasi cha kumkasirisha aliyeshangaa. Nusu ya karata ni nane za kopa tupu, nazo zimekatwa fupi kidogo kuliko wenzake, ufupi ambao jicho halioni. Zimepangwa kwa kupishana: ndefu, fupi, ndefu, fupi. Ukiachia karata zidondoke kutoka kwenye dole gumba, zinadondoka mbili mbili, na fupi inajificha nyuma ya ndefu. Ukigeuza mwelekeo wa kuachia, ndefu ndizo zinazojificha. Ukichomeka kidole, umechomeka kati ya jozi na jozi, na inayokungoja hapo ni fupi. Sidhani kama nimemwibia mtu kwa kusema haya, kwa sababu kila pakiti inayouzwa huja na karatasi inayoeleza yote.

Pakiti hii inaitwa Svengali. Wanamazingaombwe wanamtaja mbunifu wake kuwa ni Burling Hull, Mmarekani aliyeitoa mwaka 1909 akiwa kijana wa miaka 20 hivi. Miongo sita baadaye Marshall Brodien wa Chicago aliiuza kwenye televisheni za Marekani kwa jina la TV Magic Cards, na watoto wa nchi nzima wakaifahamu bila kusikia neno Hull. Tangu hapo imechapwa na viwanda visivyo na idadi, na inafika sokoni kwetu ndani ya vikopo vya plastiki pamoja na vikombe vitatu na mpira mwekundu.

Je, Hull alidhulumiwa? Swali hili linawagawa wanaoipenda sanaa hii. Wapo wanaosema mbunifu wa kiinimacho ni mbunifu kama wengine. Aliyetengeneza cherehani analindwa na hataza (patent), aliyetunga wimbo ana hakimiliki, kwa nini aliyekesha usiku akikata karata kwa wembe aachwe mikono mitupu? Wengine wanajibu kwamba hakuna kiinimacho kipya, kila kimoja ni mtoto wa kingine, na anayedai umiliki anajenga ukuta kwenye kiwanja cha ukoo. Nimekuwa nikiegemea leo upande huu kesho upande ule, na kilichonitoa kwenye kuyumba ni kuwatazama watu wenyewe mmoja mmoja.

Nianze na Henry Dircks, kwa kuwa yeye ndiye anayeniuma zaidi, ingawa hakushika karata. Alikuwa mhandisi, mtu wa Liverpool. Mwaka 1858 aliwaeleza wanasayansi wa Uingereza jinsi ya kuleta mzimu jukwaani. Kioo kikubwa safi kinasimamishwa mbele ya waigizaji. Mwigizaji mwingine anafichwa mahali watazamaji hawapaoni, anamulikwa kwa taa kali, na taswira yake inatokea kwenye kioo ikitembea kati ya walio hai, huku unaona vilivyo nyuma yake. Kila mtu amewahi kuliona jambo hili nyumbani: usiku, taa zikiwaka ndani na nje giza, ukisogelea dirisha unajiona umesimama uani.

Mpango wa Dircks ulikuwa na kasoro moja kubwa: ulitaka ukumbi ujengwe upya ili watazamaji wakae juu. Wenye kumbi hawakumsikiliza. John Henry Pepper wa Royal Polytechnic, taasisi ya sayansi ya London, ndiye aliyeona kwamba kioo kikiinamishwa kidogo mzimu unaingia kwenye ukumbi wowote uliopo. Mkesha wa Krismasi ya 1862 aliuonyesha, na mji ukamiminika. Mwaka uliofuata wawili hao waliomba hataza kwa pamoja. Dircks aliacha mapato. Alichotaka ni jina lake litajwe. Matangazo yakalisahau. Kabla mwaka 1863 haujaisha alikuwa amechapisha kitabu kizima kueleza kwamba mzimu ule ni wake, na mpaka leo dunia inauita mzimu wa Pepper.

Wanaomtetea Pepper wana hoja, na si ndogo. Bila yeye mzimu ungebaki kwenye karatasi. Kuinamisha kioo ni kazi ya ubunifu pia, na ndiyo iliyofanya jambo liwezekane. Lakini Dircks hakudai Pepper afutwe. Alidai mstari mmoja kwenye bango, na wino wa mstari huo usingemfilisi mtu.

Sasa nije kwa wanaosema hakuna kipya, maana nao wana ushahidi mzito, na kwenye karata ndiko unakoonekana zaidi. Karne ya 16, miaka zaidi ya 300 kabla ya Hull, wacheza mazingaombwe wa Ulaya walikuwa na kitabu cha picha ambacho pembe za kurasa zake zilikatwa kwa vipimo tofauti. Mtu akikipeperusha kwa kidole hapa unaona maua tu. Akihamisha kidole chini kidogo, ndege tu. Akihamisha tena, kurasa nyeupe tupu. Ukikitazama kwa makini utaona kwamba hiyo ndiyo Svengali, ila imeshonwa uti. Hata jina la pakiti Hull aliliazima, kwani Svengali ni mhusika wa riwaya ya Kiingereza ya mwaka 1894, bwana mwenye nguvu ya kutawala akili za watu.

Na kuna mafundi ambao majina yao hatutayapata kamwe kwa sababu hawakutaka yajulikane. Karata zilizochongwa, upande mmoja mwembamba kuliko mwingine kiasi ambacho vidole vinakihisi na macho hayakioni, zilikuwa silaha ya walaghai wa kamari kabla hazijawa burudani. Ukiigeuza karata moja tu, inachomoza ubavuni hata ikizama katikati ya pakiti, na mkono unaivuta bila kutafuta. Nani aliibuni? Mtu aliyekuwa akila fedha za wenzake mezani, ambaye kujulikana kwake kungemgharimu meno. Anayechezesha pata potea stendi, akakunja pembe ya karata ili uamini umemshtukia, ni wa ukoo huohuo. Karata zenyewe ni mali ya kupokezana: sisi tunasema kopa, uru, shupaza na pau kwa sababu Wareno walizileta pwani na maneno yao, na hakuna anayeona kwamba lugha yetu imeiba.

Theodore DeLand wa Philadelphia, mfanyakazi wa kiwanda cha serikali cha sarafu, alitengeneza mwanzoni mwa karne ya 20 pakiti iliyounganisha mambo matatu: alama za siri mgongoni, uchongaji huo wa walaghai, na mpangilio maalumu wa karata. Hakuna hata moja kati ya hayo matatu aliloliasisi. Hata hivyo kuyaweka pamoja yakasaidiana bila kugongana ni kazi ya akili kubwa, na pakiti hiyo iliendelea kuuzwa miongo mingi baada ya kifo chake mwaka 1931. Hapa ndipo hoja ya kwamba hakuna kipya inapoanza kunishinda kuimeza. Anayesema hivyo ni kama anayemwambia mpishi kwamba nazi, mchele na iliki vilikuwepo kabla yake.

Basi sheria iwalinde? Mwanamazingaombwe Horace Goldin alijaribu, na kisa chake kinanifanya nisite. Tarehe 17 Januari 1921, kwenye ukumbi wa Finsbury Park Empire, London, mwanamazingaombwe P. T. Selbit alimfungia mwanamke ndani ya sanduku na kulikata kwa msumeno mbele ya umma. Miezi michache baadaye Goldin alikuwa na toleo lake Marekani, bora zaidi kwa sababu kichwa na miguu vilionekana nje ya sanduku, na alimtangulia kusajili majina ya onyesho kwa wenye kumbi kiasi kwamba Selbit alipovuka bahari alikuta hawezi kulitumia jina la kazi aliyoitangulia. Mwaka 1923 Goldin alipata hataza ya Marekani.

Lakini hataza ni mapatano. Serikali inakupa ulinzi wa miaka, nawe unaandika wazi, kwa michoro, jinsi kitu chako kinavyofanya kazi, na yeyote anaweza kwenda kusoma. Kwa mwenye cherehani hilo halina madhara. Cherehani iliyojulikana bado inashona. Kiinimacho kilichojulikana kimekufa. Mwaka 1933 kampuni ya tumbaku ya R. J. Reynolds ilitangaza sigara za Camel kwa kufichua mbinu za wanamazingaombwe, mwanamke wa msumeno akiwemo. Goldin alishtaki, na mwaka 1938 mahakama ya New York ilitupa shauri lake. Siri aliyoilalamikia alikuwa ameiweka hadharani mwenyewe, kwenye hataza yake. Alipotengeneza toleo jingine, la msumeno wa duara bila sanduku, hakulipeleka tena kwenye hataza. Siwezi kumlilia Goldin sana, nikikumbuka alivyomfanyia Selbit, ila somo lake kuhusu hataza ni la kweli kwa kila mbunifu aliyemfuata.

Kuna njia nyembamba iliyopatikana baadaye. Teller, yule mkimya wa jozi ya wanamazingaombwe wa Marekani, Penn na Teller, ana onyesho ambamo kivuli cha ua kinaangukia kwenye skrini nyeupe. Anakikata kivuli kwa kisu, na majani ya ua halisi, lililosimama mbali kwenye chombo, yanadondoka. Aliliandikisha mwaka 1983 kama mchezo wa kuigiza usio na maneno. Mtu mmoja wa Ulaya alipoonyesha onyesho kama hilo kwenye video na kutangaza kuiuza siri yake, Teller alimshtaki, na mwaka 2014 mahakama ya shirikisho ya Nevada ilisema kiinimacho chenyewe hakina hakimiliki, lakini mchezo uliokibeba unayo. Naona mahakama ilikata pazuri. Mbinu ya kudondosha jani ni ya yeyote atakayeigundua. Mtu yule, kisu kile, mwendo ule wa polepole kuelekea kwenye skrini, ni wa Teller.

Ila mpaka huo haumsaidii mtengeneza karata, na hili wanaoshangilia hukumu hiyo hulipita haraka. Mwaka 1936 Joe Berg wa Chicago alitoa pakiti aliyoiita Ultra Mental: unataja karata yoyote, pakiti inafunguliwa, na karata moja tu imegeuka kinyumenyume, ndiyo hiyo. Siri yake sitaieleza. Anayeitaka ainunue, maana wapo wanaokula kwa pakiti hiyo hadi leo. Baadaye mwanamazingaombwe Eddie Fields akaivisha hadithi. Anakupa pakiti isiyoonekana, unaichanganya hewani, unachagua karata ya kuwaza, unaigeuza na kuirudisha, halafu yeye anatoa pakiti halisi. Hadithi hiyo ni tamu kiasi kwamba duniani kote pakiti ya Berg sasa inaitwa Invisible Deck. Kwa kipimo cha mahakama ya Nevada, mwenye kitu cha kulindwa angekuwa Fields, mwenye hadithi, na Berg aliyetengeneza kitu chenyewe asingekuwa na lolote. Sioni haki hapo, na sioni sheria itakayoirekebisha bila kumrudisha mbunifu kwenye mtego wa Goldin.

Kwa hiyo nimefika hapa: mbinu iachwe huru, mchezo ulindwe, na jina litajwe hata kama hakuna askari wa kulazimisha. Wenzangu wanaotaka siri zifungwe kabisa nawaomba wamkumbuke Johann Hofzinser wa Vienna, mtumishi wa serikali aliyeaga mwaka 1875. Jioni alikuwa akiwaalika wageni sebuleni na kuwaonyesha kazi za karata ambazo wajuzi wengi wanaziweka juu ya zote za karne yake. Karata nyingi alizitengeneza kwa mkono wake, zenye sura pande zote mbili, nyingine nusu karata hii na nusu karata ile. Alipofariki, mkewe alichoma maandishi yake kama alivyoagiza. Tunachokijua leo kimetoka kwa wanafunzi wake, na kwa Ottokar Fischer aliyekusanya mabaki na kuyachapisha mwaka 1910. Wangekuwa watunza siri kamili, Hofzinser angekuwa majivu pamoja na karatasi zake. Fischer alitoa siri hizo hadharani, lakini kila ukurasa aliuacha chini ya jina la Hofzinser.

Karatasi ya maelekezo iliyokuja na pakiti yangu ina michoro kadhaa na aya fupi za Kiingereza kibovu. Jina la kiwanda halipo, jina la Hull halipo. Nimeliandika mwenyewe kwa kalamu pembeni, na juu yake nimechora kitabu kidogo chenye pembe zilizokatwa, kwa ajili ya yule wa kwanza.